Jibu: moyo wa pinki unageuka kiboksi kwa telefone ya dada

Jambo ndugu. Kama nimekuelewa, wewe uko Goma unatuma moyo wa pinki, dada yako kule Bukavu anaona kiboksi cha x, na tena ule uso wako wa kucheka anasema kwake iko sura ingine kabisa. Hizo ni shida mbili, usizichanganye.

Anza na kiboksi. Ingia kwa setingi za telefone yake uone ni Android namba ngapi, juu ule moyo uliingia kwa Unicode 15 (ile orodha ya dunia inayopa kila herufi na emoji namba yake) mwaka 2022, telefone ya zamani haina ile picha ndani basi inaonyesha kiboksi tu. Yangu pia ilifanya hivyo, fundi mmoja wa Birere, mtaa wa Goma, akataka pesa eti ekra imekufa, bahati nikaapdeti WhatsApp kwanza na ikaisha. WhatsApp ya Android iko na emoji zake yenyewe, kwa hiyo kwa SMS kiboksi kinaweza kubaki.

Ya sura tofauti sasa: hautumi picha, unatuma namba ya emoji tu, halafu kila kampuni inajichorea yake. Kwa mfano ile emoji ya bastola, Apple waliigeuza bastola ya maji mwaka 2016, wengine wakafuata 2018, hapo katikati mtu anatuma mchezo mwenzake anapokea bunduki ya kweli (na huku kwetu hiyo si ya kuchezea). Hakuna setingi ya kurekebisha hiyo, piga skrinshoti umtumie aone chenye wewe unaona.