Noto kwa miguu: nusu siku yatosha?

Dada, umeuliza kama nusu siku yatosha kuuzunguka mji wa Noto, kule Sicily, Italia, bila gari. Yatosha sana. Ingilia lango la Porta Reale ufuate barabara kuu, Corso Vittorio Emanuele, huwezi kupotea. Mji wa awali uliangushwa na tetemeko la 1693, huu wa Baroko, mtindo wa majengo yenye mapambo mengi, ukajengwa upya kilomita kadhaa kutoka pale. Kuba la kanisa kuu nalo liliporomoka 1996. Kanisa likafunguliwa tena 2007. Ila barabara ya Via Nicolaci usiipite kichwa chini! Roshani za jumba la Palazzo Nicolaci zimebebwa na simba na farasi wa mawe, midomo wazi kama wanakukemea. Nenda alasiri, mawe yanageuka rangi ya asali. Saa sita mchana mwezi wa Julai? Utaiva, dada.