Valvu za mgodini huliwa na tope, si lazima ziwe feki

Valvu, yaani kifaa cha kufungua na kufunga bomba, ikifa mgodini baada ya miezi michache, wengi husema waliuziwa feki. Hapana, huo si ushahidi. Muuaji wa kwanza ni tope: maji yenye mawe yaliyosagwa. Madini ya kwatzi yana ugumu wa 7 kwenye kipimo cha Mohs, chuma cha kawaida ni kama 4 hadi 5, kwa hiyo kila chembe inayopita inakwangua.

Niko kwenye matengenezo, na kosa linaloniuma zaidi ni kuacha valvu iliyokusudiwa kufunga na kufungua tu ikiwa nusu wazi ili kupunguza mtiririko. Njia ikibanwa, mwendo wa tope unapanda, na ulaji wa chuma unapanda zaidi ya hapo: mwendo ukiwa maradufu, ulaji unaweza kufika mara nne hadi nane. Ukiing'oa unakuta imetoboka upande mmoja tu, kwingine nzima kabisa.

Valvu isiyofunga hadi mwisho kwa sababu mchanga umejaa kwenye kiti chake (pale kifuniko kinapokaa ili kuziba njia) nayo haidumu. Ule mkondo mwembamba unaovuja hukata chuma mfululizo.

Penye asidi ni mbaya zaidi, maana chembe zinaondoa utando unaokinga chuma, asidi inakula palipobaki wazi, na mchezo unarudiwa.

Valvu za kubana zenye mpira ndani huvumilia tope vizuri zaidi, ila si kila mpira unastahimili mafuta au joto kali, na mawe makubwa yenye ncha huuchana.