Re: Orlando na watoto watatu, tulale ndani ya Disney au nje?

Dada, umesema mko sita na bibi yumo, mi ningechukua nyumba ya kukodi Kissimmee, mji wa jirani na Disney. Chumba cha kawaida pale Pop Century, hoteli ya Disney yenyewe, mwisho watu wanne ukiacha kachanga, so mtalipia viwili. Nyumba ina jiko, asubuhi unakoroga uji na chapati za jana zipo, maana misosi ya mle ndani inakamua kweli. Ila kila siku utalipia paking kwenye bustani za Disney, wanaolala ndani hawalipi, tena wanaingia nusu saa kabla ya wengine na Pop ina Skyliner, vile vibehewa vya kwenye waya, mpaka EPCOT, moja ya bustani za Disney. Sisi hoteli ya nje ilitubandika chaji ya kila siku ambayo wakati wa kubuku hatukuiona, bi mkubwa alinuna mpaka airport😅 uliza mapema. Kama hamkodi gari lakini, laleni tu ndani.