Mawimbi mraba yenye masafa yanayobadilika kwenye LTspice

Mkuu, unasema kwenye LTspice (programu ya kuiga saketi za umeme) unataka wimbi mraba lipande taratibu kutoka 1 kHz hadi 5 kHz ndani ya milisekunde 50, ila ukipima mwishoni unakuta karibu 9 kHz. Programu haina kosa, hesabu ndiyo imekuponza. Umezidisha masafa (idadi ya mizunguko kwa sekunde) kwa muda, ilhali masafa yenyewe yanapanda kadiri muda unavyokwenda, kwa hiyo lile ongezeko la 4 kHz limeingia mara mbili.

Awamu, yaani wimbi limefika wapi katika mizunguko yake, hupatikana kwa kujumlisha masafa kidogo kidogo tangu mwanzo, yaani intigrali. Weka chanzo cha volti chenye PWL(0 1k 50m 5k), yaani volti inayopanda kwa mstari kutoka 1k hadi 5k ndani ya 50m, nodi yake (sehemu ya kuunganishia) iite f. Volti 1,000 zisikutishe, hapo ni namba tu, hakuna kitakachoungua. Kisha chukua chanzo cha aina ya B, kile kinachofuata fomula unayoiandika, uandike (idt ndiyo intigrali):

V=5*u(sin(2*pi*idt(V(f))))

Hiyo u() hutoa 1 sin ikiwa chanya na 0 ikiwa hasi, ndiyo maana unapata 0 na 5 V. Ukitaka wimbi likae juu asilimia 30 tu ya kila mzunguko, tumia idtmod, intigrali inayorudi 0 kila ikifika 1:

V=5*u(0.3-idtmod(V(f),0,1))

PULSE, chanzo cha kawaida cha mawimbi mraba, achana nayo kwa kazi hii, kipindi chake hakibadiliki.

Halafu usiiachie programu ijichagulie hatua za muda, kingo zitayumba na vipimo vitakudanganya. Andika .tran 0 50m 0 1u, hiyo 1u ya mwisho ndiyo hatua kubwa kabisa inayoruhusiwa, mikrosekunde 1. Kwa 5 kHz hapo una angalau nukta 200 kwa kila mzunguko, zinatosha kabisa.