Wakili akigundua katikati ya kesi kwamba mteja wake ameua kweli

Mkuu mleta mada, nimeusoma muhtasari wa riwaya yako mara mbili. Wakili wa utetezi anamwamini mteja wake anayeshtakiwa kwa mauaji. Kesi ikiwa imefika katikati, mteja anamnong'oneza kwamba ni kweli aliua. Wakili anasimama mbele ya jaji, anasema yote, mteja anahukumiwa, riwaya inaisha. Umeuliza kama hilo linawezekana kisheria na, kama haliwezekani, wakili huyo afanye nini. Nimetetea watuhumiwa wa jinai kwa miaka mingi, wengi wao wa mauaji, kwa hiyo uniwie radhi kwa urefu wa jibu.

Haliwezekani. Alichoambiwa wakili na mteja kuhusu kosa lililokwisha kutendeka ni siri ya mteja, na wakili hana mamlaka ya kuitoa. Akiitamka mahakamani, kuna uwezekano mkubwa kesi ikavunjwa na kuanza upya na wakili mwingine, na yeye mwenyewe ataitwa kwenye kamati ya nidhamu, pengine afutwe kabisa katika orodha ya mawakili. Kila nchi ina maneno yake na vighairi vyake. Mteja akisema kesho anakwenda kumdhuru shahidi, kwa mfano, sehemu nyingi siri hiyo haina ulinzi ule ule. Lakini kwa jambo lililokwisha kupita, mlango umefungwa.

Na kisa chako kimewahi kutokea kweli, tena kwa namna inayotisha kuliko ulivyokiandika. London, Mei 1840, Lord William Russell, mzee wa ukoo mkubwa, alikutwa kitandani amekatwa koo. Akashtakiwa mtumishi wake wa chumbani, Mswisi aliyeitwa François Courvoisier, na wakili wake alikuwa Charles Phillips. Kesi ilipoanza mwezi wa Juni, ushahidi ulikuwa wa kimazingira, yaani hakuna aliyemwona akiua, na utetezi ulikuwa na matumaini. Siku ya kwanza Phillips alimdodosa vikali mtumishi mwenzake mshtakiwa, Sarah Mancer, kwa maswali yaliyoelekeza shaka kwa huyo mama. Kisha likatokea pigo: vyombo vya fedha vya marehemu vilikuwa vimepatikana katika hoteli moja, na mwenye hoteli akamtambua Courvoisier kuwa ndiye aliyeviacha pale. Hapo ndipo Courvoisier alipomwambia wakili wake kwamba ni yeye aliyeua, na papo hapo akasema bado anataka atetewe mpaka mwisho.

Phillips alitaka kujitoa. Akamwendea Baron Parke, jaji aliyekuwa ameketi pembeni ya jaji mkuu wa kesi hiyo, amwombe ushauri. Parke akamwambia kwamba kama mteja anataka aendelee, basi hana budi kuendelea na kutumia kila hoja ya haki inayotokana na ushahidi. Phillips akaendelea. Courvoisier akapatikana na hatia, akanyongwa hadharani tarehe 6 Julai 1840. Habari za kukiri kwake zilipovuja, Phillips alishambuliwa magazetini kwa miaka. Mwaka 1849 alikuwa bado anajitetea. Tazama alivyobanwa: ana mteja anayetaka apiganiwe, ana jaji mmoja anayejua na mwingine ambaye hapaswi kujua, na kuna mwanamke asiye na hatia aliyemwelekezea kidole jana yake. Riwaya yako inayatupa haya yote kwa kumfanya wakili aseme.

Sasa, afanye nini? Kuna mstari mmoja ambao kila wakili wa utetezi anaujua. Kuupima ushahidi wa upande wa mashtaka ni kazi yake hata kama anajua mteja ametenda. Kuleta uongo mahakamani ni marufuku, hata kama ndiyo njia pekee ya kumwokoa. Anaruhusiwa kumuuliza shahidi alikuwa mbali kiasi gani, taa ilikuwa inawaka au la, kwa nini maelezo aliyotoa polisi yanatofautiana na anayoyatoa leo. Anaruhusiwa kusema mashtaka hayajathibitishwa, kwa sababu mzigo wa kuthibitisha uko upande wa pili. Mahakama ya juu ya Uingereza ililiweka hilo wazi mwaka 1935 katika kesi ya kijana Woolmington, aliyedai bunduki ilifyatuka kwa bahati mbaya ikamuua mkewe: si kazi yake kuthibitisha kwamba ilikuwa ajali, ni kazi ya mashtaka kuthibitisha kwamba aliua kwa makusudi. Asichoruhusiwa wakili wako ni kumpandisha kizimbani shahidi anayejua atadanganya, wala kutamka kwamba mteja wake hakuwepo eneo la tukio wakati anajua alikuwepo.

Hapo pana utajiri mkubwa kwa mwandishi, mkuu. Kabla ya kukiri, wakili wako anasema, "Mteja wangu hakufanya hivi." Baada ya kukiri, sentensi hiyo haitoki tena kinywani mwake. Anaanza kusema, "Mashtaka hayajatuonyesha." Usimweleze msomaji sababu, badilisha tu sentensi. Msomaji makini atashtuka, na mwendesha mashtaka mzoefu pia atashtuka. Mimi mwenyewe nimewahi kukaa mahakamani nikimsikiliza mwenzangu akihoji, nikatambua kwa namna alivyoanza kulikwepa swali fulani kwamba kuna jambo ameambiwa usiku uliopita.

Jambo gumu kuliko yote ni mteja anapotaka kupanda mwenyewe kizimbani. Hiyo ni haki yake, na wakili hawezi kumziba mdomo. Ipo kesi ya Marekani iliyofika Mahakama Kuu ya nchi hiyo mwaka 1986, Nix dhidi ya Whiteside. Whiteside alimchoma kisu mtu akidai alikuwa anajihami. Mwanzoni alimwambia wakili wake kwamba hakuona bunduki mkononi mwa marehemu, ingawa aliamini anayo. Kesi ilipokaribia akabadilisha: sasa aliona kitu cha chuma. Wakili akamwambia ukisema hivyo nitaiarifu mahakama kwamba naamini ni uongo, na nitaomba kujitoa. Whiteside akapanda, akaeleza bila hicho chuma, akatiwa hatiani. Mahakama ikasema wakili hakumkosea, kwa kuwa haki ya kutetewa haihusishi haki ya kusaidiwa kudanganya. Mazungumzo yale ya watu wawili chumbani, mmoja akiona uhai wake umefungwa kwenye neno moja na mwingine akilikataa neno hilo, yanatosha kubeba sura nzima. Kwa kweli ningekushauri uitoe ile ya kukimbizana kwa magari uweke hii.

Kuhusu sura yako ya pili, pale wakili anapoingia mahabusu na swali lake la kwanza ni "Ulifanya au hukufanya?" Mimi simuulizi mteja hivyo siku ya kwanza, na wengi ninaowafahamu hawaulizi. Ninauliza: polisi wanasema nini? Nani atakuja kusema alikuona? Simu yako ilikuwa wapi? Mtu aliyelala mahabusu siku kadhaa hana sababu ya kuniamini kwa kuwa tu nimevaa suti na kubeba faili. Nikimlazimisha ajibu mapema atanipa jibu la kujilinda, halafu atalishikilia hata likimwangamiza.

Na si wenye hatia tu wanaotudanganya. Nilikuwa na mteja aliyeapa kwamba usiku wa tukio alikuwa nyumbani amelala. Kumbukumbu za simu zilipoletwa zikaonyesha alikuwa mbali na nyumbani, na ghafla akaonekana muuaji. Nilipomweleza hali ilivyo alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Wakili, heri nifungwe kuliko mke wangu ajue nilikokuwa." Alikuwa kwa mwanamke mwingine, upande wa pili wa mji, mbali na mahali mtu alipouawa. Hakuua. Aibu ndiyo iliyokuwa inampeleka kitanzini. Tafadhali fikiria kumpa mteja wako uongo wa namna hii mapema katika hadithi, ili kukiri kwake kunapokuja wakili asijue kama huo nao ni ukweli au ni mtu anayemlinda mwingine. Watu hukiri wasichofanya, nasi tunaokutana nao hatuna namna ya kuona ndani ya moyo.

Kanuni hii ya kutunza siri ya mteja ina upande mbaya, na sitaki uuruke. Chicago, 1982, mlinzi aliuawa kwenye mgahawa, na Alton Logan akashtakiwa. Mtu mwingine, Andrew Wilson, aliyekuwa na kesi nyingine ya mauaji, aliwaambia mawakili wake kwamba aliyemuua yule mlinzi ni yeye. Mawakili waliandika kiapo, wakakifungia kwenye sanduku, wakanyamaza, kwa sababu kusema kungemwangamiza mteja wao. Wilson aliwaruhusu waseme akishafariki. Alifariki mwaka 2007. Logan alitoka gerezani mwaka 2008, baada ya takriban miaka 26. Nimebishana na wenzangu juu ya kisa hiki mara nyingi. Naielewa kanuni, naiheshimu, naifuata, na bado siwezi kumwangalia mtu usoni nikamwambia kwamba miaka 26 ya mtu asiye na kosa ni gharama ya haki.

Mwisho, umeuliza kama wakili anaweza kujitoa tu akaondoka zake. Anaweza kuomba, na kesi ikiwa imeshaiva mahakama inaweza kumkatalia. Hawezi kutaja sababu. Atasema "sababu za kitaaluma," na jaji mzoefu akisikia maneno hayo katikati ya kesi ya mauaji anahisi kilichotokea, kwa hiyo hata ombi lenyewe linaweza kumuumiza mteja. Na akiruhusiwa, mteja atapewa wakili mwingine. Safari hii mteja ameshajifunza. Hatakiri tena, atamwambia huyo mpya kwamba hakuwepo, atamtajia na shahidi wa kumuunga mkono, na wakili mpya, ambaye hajui lolote, atampandisha shahidi huyo kizimbani kwa nia njema kabisa. Mimi ningeiandika riwaya kuanzia hapo, kwa macho ya yule wa kwanza aliyejitoa, akiifuatilia kesi kwenye magazeti bila ruhusa ya kumwambia mtu yeyote.