Maswali yenu kuhusu mishahara na mikataba ya wachezaji

Kila dirisha la usajili likifunguliwa maswali ya hela yanamiminika. Nimechukua haya maana ndo yanajirudia zaidi.

Kaka, winga akiandikwa analipwa pauni laki 3 kwa wiki, hiyo yote inaingia mfukoni kwake? Na kwa nini Uingereza wanahesabu kwa wiki?

Hapana mkuu, haiingii yote. Namba za Uingereza zinatajwa kabla ya kodi, na kule kipato kikivuka pauni 125,140 kwa mwaka kila pauni inayozidi hapo inakatwa asilimia 45, bado kuna asilimia 2 ya bima ya taifa, kwa hiyo kwenye hiyo laki 3 anabaki na laki na nusu na ushee hivi. Italia sasa magazeti yao yanaandika mshahara wa mwaka mzima tena baada ya kodi, ndo maana watu wanalinganisha mchezaji wa Milan na wa Manchester wanabishana mpaka usiku wakati namba zenyewe hazifanani kabisa. Hiyo ya wiki ni mambo ya zamani, wachezaji wa Uingereza walilipwa kwa wiki kama wafanyakazi wa viwandani na kulikuwa na kikomo, mpaka mwaka 1961 hakuna aliyeruhusiwa kuzidi pauni 20 kwa wiki hata awe fundi namna gani, uwanja umejaa watu wamelipa kiingilio yeye anapewa 20. Chama cha wachezaji chini ya Jimmy Hill kikatishia mgomo, kikomo kikafutwa, na Johnny Haynes wa Fulham akawa wa kwanza kulipwa pauni 100. Siku hizi mishahara inaingia kwa mwezi ila mazoea ya kuandika kwa wiki yamebaki.

Kitu kingine, namba unayosoma mara nyingi imechanganywa mshahara wa uhakika na bonasi za kucheza, za mabao, za kufuzu Ligi ya Mabingwa. Akikaa benchi miezi 4 hiyo namba haipo tena.

Staa anaacha mkataba unaisha makusudi halafu anaondoka bure. Huo si usaliti kwa klabu iliyomlea?

Mi siuiti usaliti na nitasema kwa nini. Turudi nyuma kidogo, mwaka 1990 mchezaji wa Kibelgiji Jean-Marc Bosman mkataba wake na klabu ya RFC Liège ya hukohuko uliisha, klabu ikampa mkataba mpya wa faranga 30,000 kwa mwezi wakati alikuwa anapokea 120,000, yaani robo ya alichokuwa anapata, akakataa, akataka kwenda Dunkerque ya Ufaransa na dili likafa kwa sababu Liège bado walikuwa na nguvu ya kumshikilia. Hebu fikiria, mkataba umeisha, mshahara umepunguzwa, na kuondoka huwezi. Akaenda mahakamani na tarehe 15 Desemba 1995 Mahakama ya Ulaya ikaamua kwamba mkataba ukiisha mchezaji yuko huru. Yeye mwenyewe ilimgharimu sana maana miaka yake mizuri ya mpira ilikuwa imeshapita. Kila mchezaji huru unayemwona leo anafaidika na kesi ya yule bwana.

Sasa kwenye meza ya mazungumzo hiyo ina maana gani? Muda ndo silaha. Mchezaji akiwa na miaka 4 mbele klabu ndo inaamua, akibakiza mwaka 1 klabu inaanza kumpigia simu yeye, na akibakiza miezi 6 kanuni za FIFA zinamruhusu kusaini mkataba wa awali na timu nyingine ilimradi klabu yake ijulishwe kwa maandishi kabla mazungumzo hayajaanza. Ile hela ambayo timu mpya ingelipa kumnunua sehemu kubwa inageuka kuwa pesa ya kusaini, inaenda kwake na wakala. Mbappé aliondoka PSG hivyo mwaka 2024. Klabu nazo zinajua hesabu hii vizuri sana, ndo maana zinauza mtu akibakiza miaka 2 na hakuna anayeziita msaliti. Mchezaji ana miaka 10 au 15 ya kazi, goti likienda vibaya ndo basi, acha apige hesabu zake.

Mikataba ya miaka 8 ya Chelsea ilikuwa na maana gani?

Uhasibu tu. Gharama ya kumnunua mchezaji inagawanywa kwa miaka ya mkataba, kwa hiyo mkataba ukiwa mrefu gharama ya kila mwaka inaonekana ndogo. Enzo Fernández Januari 2023 alinunuliwa kama euro milioni 121 kwa miaka 8 na nusu, kwenye vitabu inakuwa kama milioni 14 kwa mwaka, ingekuwa miaka 5 ni milioni 24. UEFA, shirikisho la mpira la Ulaya, wakaziba mwanya huo mwaka huohuo, mgawanyo mwisho miaka 5, na Ligi Kuu ya Uingereza ikafuata mwezi Desemba. Kwa mchezaji ni usalama, ila akiwa bora kuliko mshahara wake ndo kafungwa hapo.

Kipengele cha kuvunja mkataba, mchezaji akishawekewa si anaweza kuondoka muda wowote mwenye hela akija?

Inategemea kimeandikwaje, na hapa ndo watu wanaumia. Hispania kila mchezaji anakuwa na bei ya kununua mkataba wake, ni utaratibu unaotokana na sheria yao ya 1985, PSG walipoweka euro milioni 222 mezani mwaka 2017 Barcelona hawakuwa na namna, Neymar akaenda. Nchi nyingine ni makubaliano tu, kinaweza kufanya kazi kwa wiki 2 za kiangazi pekee, au kwa timu za nje pekee, au timu ikishuka daraja.

Mfano unaonitia uchungu ni wa Messi. Mkataba wake na Barcelona ulikuwa na kipengele cha kuondoka bure kila mwisho wa msimu, ila alitakiwa kutoa taarifa kabla ya tarehe 10 Juni. Mwaka 2020 korona ikasogeza msimu mpaka Agosti, akatuma barua yake mwishoni mwa Agosti, yeye na watu wake wanasema msimu ndo umeisha sasa, klabu inasema tarehe imeandikwa 10 Juni imepita, lipa euro milioni 700. Akabaki kwa sababu hakutaka kuipeleka mahakamani klabu ya maisha yake. Mchezaji bora duniani, wanasheria wa kila aina, na kila kitu kikakwama kwenye tarehe moja. Kipengele chako kisome siku na masaa yake kabla ya kuangalia kiasi.

Mdogo wangu anacheza nje, miezi 3 hajalipwa. Viongozi wanasema avumilie, akiondoka watamshitaki. Afanyeje?

Hili ndo swali muhimu kuliko yote leo, pole sana. Watu wanadhani mpira wote ni mamilioni, ila ripoti ya FIFPRO, chama cha wachezaji duniani, ya mwaka 2016 iliyohoji wachezaji karibu 14,000 ilionyesha asilimia 41 walicheleweshewa mishahara ndani ya misimu 2 na zaidi ya asilimia 45 walikuwa wanapata chini ya dola 1,000 kwa mwezi.

Kwanza asiondoke kimyakimya, akipanda ndege leo yeye ndo atageuka kuwa mvunja mkataba. Kanuni ya FIFA inasema klabu ikidaiwa mishahara isiyopungua miezi 2 mchezaji ana haki ya kuvunja mkataba, lakini lazima kwanza aiandikie klabu barua ya kudai na kuipa siku zisizopungua 15 ilipe yote. Barua iwe fupi: mshahara wa mwezi fulani, kiasi fulani, ulitakiwa kulipwa tarehe fulani, akaunti ni hii, nawapa siku 15. Aitume kwa njia inayoacha ushahidi, baruapepe rasmi ya klabu na nakala iliyogongwa muhuri ya kupokelewa, maneno ya ofisini kwa meneja hayasaidii kitu. Na hizo siku 15 aende mazoezini kila siku kama kawaida, hata kama wamemtoa kikosini, maana akikosa hata mara chache wanapata kisingizio.

Siku 15 zikiisha hawajalipa, anaandika barua ya pili ya kuvunja mkataba, na kwa sababu yeye ni mgeni katika nchi hiyo anaweza kupeleka madai yake kwenye baraza la FIFA linaloamua kesi za mpira, mchezaji halipi ada ya kesi. Anadai mishahara iliyolala pamoja na fidia ya muda uliobaki kwenye mkataba. Klabu ikishaamriwa kulipa na siku 45 zikapita inaweza kufungiwa kusajili mpaka madirisha 3, na hapo ndo utaona hela inapatikana ghafla. Asikae sana, madai yakipita miaka 2 hayasikilizwi. Na asisaini karatasi yoyote inayosema kashalipwa kwa ahadi kwamba hela inakuja kesho, wengi wamepotezea haki zao hapo.

Mwanangu ana miaka 16, wakala anataka asaini naye miaka 5 na klabu miaka 5. Sawa?

Si sawa zote mbili mama. Kwa FIFA aliye chini ya miaka 18 mkataba wake na klabu usizidi miaka 3, na wa wakala na mchezaji mwisho miaka 2. Huyo wakala mwombe namba ya leseni yake uitafute kwenye orodha ya FIFA, na mkataba uende nao nyumbani ukasomwe na mwanasheria wenu, si wa kwake. Kevin De Bruyne mwaka 2021 aliongeza mkataba Manchester City bila wakala kabisa, akiwa na baba yake, mwanasheria na wataalamu wa takwimu walioonyesha thamani yake uwanjani. Kijana wa 16 hana takwimu hizo bado, ila mzazi na mwanasheria anaweza kuwa nao.