Wasomaji Wauliza: Siki, Chumvi na Beseni la Mboga

Swali: Asalaam aleikum. Tungule, matango na dania za kachumbari naziosha kwa maji ya kisima, ambayo yana chumvichumvi kidogo. Ndani ya beseni natia siki, ndimu mbili na kijiko cha bekingi soda, nangoja povu litulie ndipo naosha. Je, vijidudu vinakufa?
*Mama wa watano, Langoni, Lamu*

Jibu: Wa aleikum salaam, mama. Tuanze na povu, maana ndilo linalowadanganya wengi. Siki na ndimu ni asidi, na bekingi soda ni kinyume chake. Zikikutana humalizana papo hapo. Povu ni gesi inayotoka, na kinachobaki beseni ni maji yasiyo na makali ya siki wala ya soda. Umetumia vitu vitatu, hukupata kazi ya hata kimoja.

Kikubwa zaidi ni hicho kisima. Mitaa ya mji wa kale imebanana, na kisima mara nyingi hakiko mbali na shimo la choo. Usiitegemee chumvichumvi ya maji ikusaidie: bakteria wa kipindupindu huishi vizuri katika maji ya namna hiyo. Mboga ya kuliwa mbichi ioshwe kwa maji ambayo mtu anaweza kuyanywa. Yachemshe mpaka yatokote kwa nguvu dakika 1 nzima, yafunike yapoe. Au tia dawa ya maji ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, ungoje dakika 30. Maji yenye tope yaache yatulie na uyachuje kwa kitambaa safi kwanza, kwa sababu uchafu huimaliza nguvu klorini kabla haijafikia vijidudu.

Baada ya hapo, kazi kubwa ni ya mkono. Kinachong'oa uchafu ni kusugua huku maji yakipita. Kama hakuna bomba, mmoja amimine kwa kata, mwingine asugue tungule moja moja kwa kidole gumba, hasa pale kwenye kikonyo, kwenye kale kashimo kanakobaki na weusi. Matango yasuguliwe kwa brashi laini isiyo na kazi nyingine. Dania ikate mizizi, ifungue fungu lake, itikise ndani ya maji, itoe, urudie kwa maji mapya.

Sasa ndipo siki inapofaa: kikombe 1 cha siki ya dukani kwa vikombe 3 vya maji, dakika 5, kisha suuza. Hupunguza vijidudu, haivimalizi. Ukisahau dania humo nusu saa, majani yatalegea na ukali utaingia kwenye kachumbari. Ndimu mbili katika beseni zima hazitoshi, asidi yake inakuwa imepotea kwenye maji mengi.

Jambo moja tafadhali lishike: dawa ya klorini ya kung'arishia nguo isikutane kamwe na siki wala ndimu. Hutoa gesi inayounguza mapafu.

Swali: Mchicha tunaonunua, wanaotuuzia husema umetoka kando ya mto Sabaki. Hata niuoshe mara ngapi, mchanga unabaki, na kabeji nazo zina viwavi. Nifanyeje?
*Msomaji, Maweni, Malindi*

Jibu: Bila shaka ukishaosha unaumwaga mchicha pamoja na maji yake kwenye chujio. Hapo ndipo mchanga unaporudi. Mchanga ulikuwa umeshatua chini ya beseni, nawe umeupindua juu ya majani. Jaza beseni maji tele mpaka majani yaelee, yapekue kwa vidole, yaache dakika 2 bila kuyagusa, kisha yainue kwa mikono miwili uyaweke kwenye kung'uto. Maji mwaga, suuza beseni, anza upya. Kwa kawaida maji ya tatu hayaachi mchanga. Pitisha kiganja chini ya beseni uhakikishe. Usiukatekate kabla ya kuuosha, kwa kuwa virutubishi hutokea kwenye mikato na uchafu huingilia hapo hapo.

Kabeji iondoe majani mawili ya nje, ipasue robo, uiloweke katika maji ya chumvi: kijiko kikubwa 1 kwa kila lita, dakika 15. Viwavi huachia wakaelea au wakazama. Suuza. Chumvi hapa ni ya wadudu, usiitegemee kwa maradhi ya tumbo.

Swali: Sukuma wiki na tungule zina madoa meupe ya dawa ya shambani. Nimeambiwa nitumie sabuni ya unga.
*Mpishi, Mokowe*

Jibu: Sabuni usitumie, ndugu yetu. Majani huifyonza, nawe utaila. Tumia bekingi soda: vijiko vidogo 2 kwa lita moja ya maji, loweka dakika 12 hadi 15, sugua, suuza. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Massachusetts huko Marekani walijaribu kipimo cha namna hiyo kwenye matufaha, wakaona kimeondoa mabaki ya dawa mbili yaliyokuwa juu ya ganda vizuri zaidi kuliko maji matupu. Dawa iliyokwisha penya ndani haikutoka, na hakuna cha jikoni kitakachoitoa. Kumenya ndiko husaidia, kwa kile kinachomenyeka. Angalia pakiti vizuri: bekingi pauda imechanganywa na asidi na unga, haifanyi kazi hii.

Swali: Tikiti na embe tunatupa ganda. Kuna haja ya kuosha?
*Msomaji, Shela*

Jibu: Ipo. Kisu kinachopasua ganda hubeba kilicho juu yake mpaka kwenye nyama. Sugua tikiti kwa brashi chini ya maji, lifute kwa kitambaa kikavu, ndipo ukate. Embe lililokaa juani liache kivulini lipoe kabla ya kuliosha: tunda la moto likitumbukizwa kwenye maji baridi huvuta maji ndani kupitia kikonyo, pamoja na uchafu wake. Tikiti likishakatwa lisikae nje zaidi ya saa 2, na kwenye joto la kaskazi iwe saa 1.

Mabenda, yaani bamia, na dania zioshwe siku ya kupikwa. Zikiwekwa na maji huoza upesi. Bamia hizo zifute kabla ya kukata, ute utapungua.